Fidia ya Maumivu

Mtu agongwapo na gari katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi, akavunjika paja, na ikathibiti kwamba dereva alizembea, sheria ya Kenya humpa haki ya kudai, juu ya gharama alizotoa, fidia ya maumivu yenyewe: usingizi uliompaa usiku, goti lisilokunjika tena hata akasali juu ya kiti, na shughuli alizozipenda ambazo sasa mwili umemkataza.

Gharama za dawa na nauli sharti zitajwe moja moja katika hati ya madai, zithibitishwe kwa stakabadhi; lakini maumivu hayana stakabadhi, basi hakimu huyakadiria kwa kuitazama ripoti ya tabibu na kuyalinganisha majeraha hayo na yale yaliyokwisha kuamuliwa katika kesi za nyuma, huku akizingatia kwamba thamani ya shilingi hushuka. Wako wasemao kuwa fedha haziondoi uchungu, nao wamesema kweli. Ila kumnyima majeruhi haki yake kwa hoja hiyo, naona, ni kumdhulumu mara ya pili.

Basi ukijeruhiwa hivyo, mweleze tabibu kila kiungo kiumacho, hata kile unachokidharau, kwani lisiloandikwa mapema ni taabu kulithibitisha baadaye. Wala usitie sahihi karatasi ya bima ya kumaliza madai kabla hujajua mfupa utaungaje. Muhula wa kufungua kesi, kwa kawaida, ni miaka 3 tangu siku ya ajali.