Mlio Baada ya Kufungua Injini

Dereva wa bodaboda kafungua mwenyewe injini ya Honda CG125, karudishia kila nati, kapiga kiki. Sasa inalia ta-ta-ta juu, chini ya tangi. Azime kwanza, apime oili.

Kama oili inatosha, ashuku tapeti. Nafasi ya valvu katika injini hii ni milimita 0.08, nayo hupimwa injini ikiwa imepoa, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote mbili zimefunga. Wengi, bahati mbaya, hukisia tu kwa kidole. Nafasi ikizidi, hugonga. Ikipungua mno, injini hutulia kimya huku valvu ikiungua, na hilo ni baya zaidi.

Pafu-pafu penye egzosi? Gasketi inavuja.

Lakini mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaozidi akivuta mafuta, huenda ni konrodi: pikipiki isukumwe hadi kwa fundi.