KIVULI CHA RUNGWA KI MIKONONI MWETU

(Hotuba kwa wananchi wa Rungwa, Mkoa wa Singida)



Sisi wa Rungwa tunakaa ukingoni mwa pori kubwa lenye sifa hata ng'ambo. Lakini mgeni akishuka garini saa nane mchana, mwezi wa Oktoba, hutafuta kivuli asikione ila cha ukuta wa duka. Msitu tunao mgongoni, na jua tunalo utosini. Hiyo ni aibu, nasi twaweza kuiondoa.

Joto hili halitoki mbinguni peke yake. Bati hushika moto wa jua na kuushusha ndani ya nyumba. Ardhi tupu huweka joto mchana kutwa, ikalitoa usiku, watoto wasilale. Mti hufanya kazi mbili: huzuia jua lisifike chini, na majani yake hutoa unyevu unaopoza hewa. Kazi hiyo haidai mshahara.

Wako wasemao kwamba miti huleta mbung'o. Tusiwadharau, maana wazee wetu waliuona ugonjwa wa malale. Lakini tuitazame Shinyanga. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa huko kufukuza mbung'o, kisha miti ikaendelea kukatwa kwa mashamba na kuni, hata nchi ikawa vumbi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa HASHI, na Wasukuma wakaifufua desturi yao ya ngitili: wakatenga ardhi, wakazuia mifugo, visiki vikachipua. Sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa na mtu, iliachwa ikue. Tena mti wa kivuli uliokatwa matawi ya chini, na shina lake likafagiliwa, si kichaka.

Basi tufanye mambo matatu.

Kwanza, anayesafisha kiwanja asing'oe kila kisiki. Aache viwili au vitatu, achague chipukizi lililonyooka, mengine ayapunguze. Kisiki kina mizizi tayari. Hakingoji ndoo ya maji.

Pili, tupande kwa mvua yetu. Siku ya Taifa ya kupanda miti ni tarehe 1 Aprili. Kwetu mvua huanza Novemba au Desemba, na Aprili huwa inaaga. Mche wa Aprili hukutana na kiangazi ungali mchanga. Tupande Desemba: miembe, mikwaju na miarobaini, kando ya barabara, sokoni, shuleni na kwenye zahanati.

Tatu, tuhesabu miti iliyo hai. Kila halmashauri nchini imetakiwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Agizo ni jema, lakini mche uliokufa hauna kivuli. Kila mche uwe na nyumba inayoutunza, uzungushiwe miiba mbuzi wasiule, na umwagiwe maji ya kunawia. Oktoba tupite nyumba kwa nyumba tuhesabu iliyosalia. Hiyo ndiyo taarifa ya kweli ya kazi yetu.

Miembe mikubwa ya Tabora ilipandwa na watu ambao leo hawapo. Waliokula embe zake na kupumzika chini yake ni wajukuu. Nasi tunao wajukuu. Wingu la kwanza likionekana, kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe lake.