Mapafu Hayanenepi: Pumzi ya Mgonjwa Mwenye Uzito Mkubwa Wakati wa Upasuaji

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Amukura, Kaunti Ndogo ya Teso Kusini



Maneno "mashine ya kupumulia" yaliingia katika kila nyumba mwaka 2020, wakati wa Korona, foleni ya malori ikiwa ndefu pale Malaba na madereva wakisubiri majibu ya vipimo. Wengi walibaki na picha moja tu: kwamba anayewekwa kwenye mashine hiyo amekaribia kaburi. Picha hiyo haijakamilika. Kila siku katika vyumba vya upasuaji, mashine ya kupumulia hufanya kazi kwa saa moja au mbili, kisha mgonjwa huamka na kuulizia watoto wake.

Mazungumzo ya leo yanahusu mgonjwa mmoja hasa: yule mwenye uzito mkubwa kupita kiasi. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5 na kwa wanaume 17.5. Baadhi yao hushauriwa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ili uzito ushuke. Upasuaji huo hufanyika katika hospitali kubwa chache, hasa Nairobi. Lakini hata asiyefikiria safari hiyo anaweza kuhitaji upasuaji wa kujifungua, wa henia au wa kidole tumbo, na mapafu atakayokwenda nayo ni yale yale.

Mtu akipewa nusukaputi, usingizi ule si kama wa nyumbani. Dawa hulegeza misuli, pamoja na ile ya kupumulia. Mtaalamu wa usingizi hupitisha mrija kooni hadi kwenye njia ya hewa, na mashine husukuma hewa ndani kwa kipimo.

Sasa, ni hewa kiasi gani? Chukulia akina mama wawili wenye urefu sawa, sentimita 160. Mmoja ana kilo 55, mwingine kilo 120. Wengi watasema wa pili anahitaji hewa mara mbili. Sivyo. Mwili huongezeka mafuta, lakini mapafu hayanenepi. Ukubwa wake hufuata urefu wa mtu na jinsia yake. Kwa hiyo akina mama hawa wawili hupewa pumzi inayolingana, takriban mililita 310 hadi 420 kila mara. Mashine ikipangwa kwa kufuata kilo 120, pumzi moja ingekaribia lita nzima, na mapafu yangevutwa hadi kuumia.

Wakazi wa mpakani wanaelewa jambo hili kuliko wengi, kwa sababu bodaboda ilizaliwa hapa hapa, kwa baiskeli zilizobeba abiria kati ya Kenya na Uganda. Mwendesha baiskeli anajua kwamba abiria mzito hafanyi tyubu kuwa kubwa. Tyubu ni ile ile. Kinachobadilika ni kwamba mzigo unaikandamiza, na isipokuwa na upepo wa kutosha itabonyea hadi rimu iguse barabara.

Ndivyo ilivyo kwa mapafu. Mgonjwa mnene akilala chali, mafuta ya tumbo husukuma diaframu juu. Vifuko vidogo vya hewa vilivyo chini ya mapafu hubonyea na kujifunga, na damu inayopita hapo hairudi na oksijeni. Katika upasuaji wa matundu madogo, ambao ndio hutumika sana kupunguza tumbo, daktari hujaza gesi ya kabonidayoksaidi tumboni ili aone vizuri. Gesi hiyo nayo husukuma diaframu juu zaidi.

Hatari ya kwanza huja hata kabla ya mrija kuingia. Mtu wa uzito wa kawaida aliyevutishwa oksijeni vizuri anaweza kukaa kama dakika nane bila kupumua kabla oksijeni ya damu haijashuka hatari. Mwenye unene mkubwa anaweza kubaki na dakika tatu au chini. Ndiyo maana mtaalamu huinua kichwa, mabega na kifua cha mgonjwa kwa mito, akamvutisha oksijeni akiwa ameinuka, na kuandaa vifaa vya akiba kando yake. Mgonjwa anayeona maandalizi hayo asidhani anadharauliwa kwa sababu ya mwili wake. Zile ni dakika zinazotafutwa kwa ajili yake.

Mrija ukishaingia, mashine huacha shinikizo kidogo ndani ya mapafu hata mgonjwa anapotoa pumzi, ili vifuko visijifunge. Huo ndio upepo wa tyubu. Mara nyingine mtaalamu huongeza shinikizo kwa muda mfupi ili kuvifungua vilivyokwisha kujifunga. Lakini shinikizo likizidi, moyo hupata shida kupokea damu na presha hushuka.

Je, kuna kipimo kimoja kinachowafaa wote? Mwaka 2019 jarida la kitabibu la JAMA la Marekani lilichapisha utafiti uliohusisha karibu wagonjwa 2,000 wanene kutoka nchi 23, waliofanyiwa upasuaji wa aina mbalimbali. Nusu walipewa shinikizo la juu, nusu la chini. Baada ya upasuaji, waliopata matatizo ya mapafu walikuwa kama asilimia 21 upande mmoja na 24 upande wa pili, tofauti isiyotosha kusema njia moja ni bora. Funzo lake ni kwamba mashine haina namba ya miujiza. Anayemlinda mgonjwa ni mtaalamu anayekaa kichwani pake, akiangalia oksijeni, presha na kifua, na kurekebisha.

Mtaalamu huyo hufanya kazi kwa ukweli anaopewa, na hapa ndipo mgonjwa na jamaa zake wana sehemu yao.

Kwanza, uzito na urefu vipimwe, visikisiwe. Wahamasishaji wa afya ya jamii wana mizani kwenye mikoba yao. Gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: kilo 120 kwa mita 1.60 ni karibu 47. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 inapendekeza upasuaji wa kupunguza uzito kuanzia 35, au kuanzia 30 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari.

Pili, kukoroma kusifichwe. Mtu anayekoroma kwa nguvu, anayekatikiwa na pumzi usiku na kusinzia mchana huenda ana ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Yeye mwenyewe hajui, maana amelala. Anayejua ni mke, mume au mtoto wa chumba kile. Huyo ndiye shahidi, na aende naye hospitalini akaseme. Mgonjwa wa namna hii huhitaji uangalizi zaidi baada ya kuamka, hasa akipewa dawa kali za maumivu, kwa kuwa dawa hizo hupunguza kasi ya kupumua.

Tatu, dawa zote zitajwe, pamoja na za miti shamba. Anayetumia sindano za kupunguza uzito, kama semaglutaidi, aseme mapema, kwa sababu huchelewesha chakula tumboni. Masharti ya kutokula yafuatwe. Kikombe cha chai ya maziwa kinachopitishwa kisirisiri kwa huruma kinaweza kurudi kooni na kuingia mapafuni.

Nne, baada ya upasuaji mgonjwa akae ameinuliwa, avute pumzi ndefu na atembee mapema anavyoelekezwa. Jamaa wasimlaze chali eti apumzike.

Kabla ya kukubali rufaa, familia iulize: nani atatoa dawa ya usingizi? Je, kuna kitanda cha uangalizi maalumu ikihitajika? SHA italipa nini na familia itabaki na nini? Kuuliza si utovu wa adabu.

Katika jamii nyingi mwili mkubwa umesifiwa kuwa dalili ya neema, na siku hizi unachekwa sokoni. Sifa na kicheko vyote havimsaidii mgonjwa mezani. Kinachomsaidia ni kilo zilizopimwa, ukweli uliosemwa, na mtu anayelinda pumzi yake hadi afumbue macho.