Kumsaidia Mlevi Aache Pombe Salama

Mada yetu leo inagusa nyumba nyingi, ingawa wachache huitaja mbele ya wageni. Ni ulevi. Tutaeleza jinsi unavyoanza, madhara yake, na hasa jinsi ya kumsaidia mtu wako aache pombe bila kuhatarisha maisha yake.

Pengine una mume, mwana au ndugu anayekunywa kila siku. Umelia, umegombana naye, umemwombea. Sasa jirani anakushauri: "Mfungie chumbani siku tatu, umpe uji na maji tu. Akitoka humo atakuwa amepona." Tafadhali mama, usifanye hivyo. Kwa mtu ambaye mwili wake umeizoea pombe, siku hizo tatu zinaweza kumuua.

Ulevi huanzaje?

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakuna anayeamka siku moja akawa mlevi. Mmoja huanza kwa kufuata marafiki. Mwingine hutafuta kusahau kufiwa, kukosa kazi au ugomvi wa nyumbani. Mwingine amezaliwa katika ukoo wenye walevi, na mwili wake hunaswa upesi zaidi. Aliyeanza kunywa akiwa bado mtoto pia yumo katika hatari kubwa. Kwa hivyo ulevi si laana, wala si ukaidi mtupu. Ni ugonjwa, na una matibabu.

Madhara yake unayajua: karo kutolipwa, vita nyumbani, watoto kulala njaa. Ndani ya mwili, pombe huharibu ini, huumiza tumbo, hupandisha shinikizo la damu na huongeza hatari ya saratani. Mama mjamzito akinywa, mtoto aliye tumboni hunywa naye.

Kwa nini kuacha ghafla ni hatari?

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Mtu akinywa kila siku, ubongo hujitahidi kwenda mbio zaidi ili kushindana na pombe hiyo. Ni kama gari linaloendeshwa huku breki imekanyagwa. Dereva hulazimika kukanyaga mafuta zaidi. Ukiiondoa breki hiyo ghafla, gari hufyatuka na kuanguka.

Saa chache baada ya kukosa pombe, mikono huanza kutetemeka. Mtu hutoka jasho, hutapika, hukosa usingizi na moyo humwenda mbio. Katika siku mbili za kwanza anaweza kuanguka na kutupa miguu na mikono kama mwenye kifafa. Siku ya pili hadi ya nne, wengine hupatwa na homa, huchanganyikiwa, na huona maruweruwe: wadudu ukutani au watu wasiokuwapo. Hapo ndipo wengi husema amerogwa au ana mashetani. Mama, hiyo ni dalili ya mwili kukosa pombe, na bila matibabu inaweza kuleta kifo.

Utamjuaje aliye katika hatari?

Jiulize maswali haya. Je, asubuhi hutetemeka mpaka apate ya kuzimua, au "kutoa loki" kama vijana wasemavyo? Je, hunywa kila siku, na kiasi kinazidi kupanda? Je, amewahi kuanguka kifafa au kuona maruweruwe alipokosa pombe? Ukijibu ndiyo hata kwa swali moja, asiache peke yake nyumbani. Mpeleke kwanza kituo cha afya au hospitali, na mpaka amwone daktari, asikate pombe ghafla. Mweleze daktari ukweli wote: anakunywa nini, kiasi gani, na alikunywa mwisho lini.

Hospitalini atapewa dawa za kutuliza ubongo, ambazo hupunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Atapewa pia vitamini B1, kwa sababu walevi wengi huikosa mwilini na ukosefu huo huharibu ubongo. Dawa hizo za kutuliza zina hatari zake. Usimnunulie dukani, na asizichanganye na pombe.

Akianguka kifafa, mlaze kwa ubavu na uondoe vitu vigumu karibu naye. Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Kisha tafuta gari upesi mwende hospitali.

Na kama amekunywa pombe haramu, kisha akalalamika kuwa macho yanaona ukungu au giza, usingoje apate usingizi. Huenda pombe hiyo ilitiwa methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo, na Februari 2024 watu wengine walikufa Kirinyaga. Kila dakika ina thamani.

Nyumbani ufanye nini?

Kwanza, zungumza naye akiwa hajalewa, bila matusi. Mwambie ulichokiona kwa macho yako: "Baba Otieno, jana ulitetemeka hata kikombe kikakuponyoka. Ninaogopa. Twende pamoja tumwone daktari."

Pili, acha kumfichia. Usimpigie mwajiri wake simu kudanganya kuwa ana malaria. Usilipe deni lake la baa kwa pesa za unga. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tatu, usimtilie kwa siri katika chakula dawa za kuzuia pombe. Dawa ya namna hiyo, mtu akinywa pombe juu yake, hutapika, moyo humwenda mbio na shinikizo la damu linaweza kushuka vibaya. Hutumiwa tu na mtu anayejua na aliyekubali, chini ya uangalizi wa daktari.

Nne, usimtume mtoto kununua pombe. Sheria ya mwaka 2010 inakataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18.

Tano, akikupiga, usalama wako na wa watoto uje kwanza. Ondokeni hapo, kisha utoe habari kwa polisi. Ugonjwa wake haukupi wajibu wa kuvumilia kipigo.

Baada ya hospitali

Kutoa pombe mwilini ni mwanzo tu. Sasa atahitaji mshauri nasaha wa kumsaidia kuelewa kilichomsukuma kunywa. Wengine huingia kituo cha kurekebisha tabia kwa miezi kadhaa. Nairobi iko Hospitali ya Mathari, na Mombasa kiko kituo cha Miritini. Ukienda kituo cha kibinafsi, uliza kama kimeidhinishwa na NACADA. Penye kufunga watu kamba na kuwapiga si pa matibabu. Viko pia vikundi vya AA, ambamo walioacha pombe hukutana na kutiana moyo, bila ada na bila kutangazana majina.

Akirudia kunywa, usiseme kazi yote imepotea. Wengi huteleza kabla ya kusimama imara. Mrudishe kwa mshauri mapema.

Nawe mama, usijisahau. Tafuta mtu wa kumweleza yaliyo moyoni. Si wewe uliyemfanya mlevi. Unaweza kumsaidia apate matibabu, lakini kuacha ataacha mwenyewe.

Ukihitaji ushauri, piga simu nambari 1192 ya NACADA. Hulipi chochote.

Kwa leo tukomee hapo. Mweleze na jirani yako aliyekuwa akitafuta kufuli: mlango wa kumfungulia mgonjwa huyu ni ule wa hospitali. Kwaheri, na afya njema nyumbani kwako.