Kujenga Nyumba kwa Mshahara Katika Nchi ya Mvua

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tukuyu)



Katibu alipotuandikia kutaka tuseme neno juu ya kujenga nyumba, tulidhani amekosea jina. Wamo humu wenye nyumba nzuri kuliko yetu, na wengi wenu mmeliona boma letu katika njia ya Masoko, lilivyosimama bila paa misimu miwili ya mvua hata watoto wa shule wakalifanya pahali pa kujificha. Naye alitujibu kuwa hiyo ndiyo sababu ya kutuchagua. Basi twasema kwa kuwa tumeumia, si kwa kuwa tumefaulu.

Tunalotaka kulisema ni hili. Katika nchi hii ya Rungwe nyumba ya mtumishi haipimwi kwa ukubwa wa kiwanja, wala kwa mkopo anaoweza kupewa, bali yapimwa kwa miezi ya jua. Mvua yetu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara tatu ya ile wanayoipata wenzetu wa Dodoma. Huanza Novemba, nayo hata Mei haijachoka, na Juni bado kuna matope. Imebaki Julai, Agosti, Septemba na Oktoba, na hata humo yako manyunyu na ukungu wa asubuhi. Hiyo ni miezi minne, na kwa mtumishi miezi minne ni mishahara minne. Mtu akiinua ukuta ambao hawezi kuupaua ndani ya muda huo, ajue kuwa ameijengea mvua.

Huenda mmoja wenu akauliza, kwa nini haraka? Mtumishi na angoje kiinua mgongo chake. Ndivyo walivyofanya baba zetu wengi, na zamani zile walikuwa na nyumba za Serikali za kukaa wakati wa kungoja. Lakini miaka ya mwanzo ya 2000 nyumba nyingi za Serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwamo, na sisi tulioajiriwa baadaye twapanga mitaani. Na hicho kiinua mgongo chenyewe si kile cha jana. Wako waliokuwa wakipewa nusu ya mafao yao kwa mkupuo mmoja. Julai 2022 sehemu hiyo ikafanywa asilimia 33, na mwaka 2024 wale waliokuwa wa nusu wakaongezewa hadi asilimia 40. Hatusemi hayo ili kulaumu hesabu za wakubwa. Twasema tu kwamba anayengoja miaka 60 ndipo achimbe msingi, atauchimba kwa fedha pungufu na kwa mgongo uliochoka.

Wenyeji wa nchi hii hawakungoja hivyo. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, wameandika jinsi wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walivyotoka nyumbani kwa baba zao wakaanza kijiji chao wenyewe, kila mmoja na kibanda chake. Kibanda kilikuwa kidogo, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mdogo. Alipokua alijenga kikubwa zaidi. Nyumba za watu wazima zilikuwa za mianzi na udongo, nadhifu kabisa, hata Joseph Thomson alipopita mwaka 1879 alizisifu. Tulipokuwa shule ya misheni tuliyasoma hayo tukayaona ni mambo ya kale. Laiti tungaliyakumbuka tulipokwenda kuchorewa ramani!

Maana ramani yetu ya kwanza ilikuwa ya vyumba vinne vya kulala, sebule, chumba cha kulia, na baraza ya nguzo mbili mviringo. Mchoraji alituuliza, “Mna watu wangapi nyumbani?” Tukajibu, wanne. Akatutazama, akaendelea kuchora. Tukachukua mkopo unaokatwa katika mshahara kwa miaka sita. Kanuni haimruhusu mtumishi kukatwa hata akabakiwa na chini ya theluthi moja, nasi tulifika kwenye theluthi hiyo barabara, kana kwamba ilikuwa ni alama ya kushindaniwa. Hatukukumbuka kwamba katika theluthi hiyo mna kodi ya pango, maana nyumba isiyo na paa haimwondoi mtu katika ya kupanga.

Kiwanja chetu ni cha mteremko, nacho tulikipata kwa bei nafuu. Vile vya tambarare vina wenyewe tangu zamani, au vina migomba na chai. Habari ya hati na kibali cha ujenzi hatutaizungumza sana, maana ninyi ndio mnaozipokea karatasi hizo; kila mtu aende ofisi ya ardhi kabla ya kwenda kwa fundi, basi. Lakini habari ya udongo haimo katika jalada lolote. Udongo wetu ni majivu ya milima ya moto ya kale, na chini yake, mahali pengi, mna yale mawe mepesi yaeleayo majini. Ukiukata siku za jua husimama wima kama ukuta, nawe wafurahi. Ukishiba maji hulegea.

Sisi tuliukata mlima upande wa juu, na udongo tulioutoa tukaumwaga upande wa chini ili tupate uwanja sawa. Nusu ya nyumba ikasimama juu ya ardhi ya asili, na nusu juu ya kifusi. Kuta zilifika kwenye lenta mwishoni mwa Oktoba, na fedha zikaisha wiki hiyo hiyo. Mvua ya mwaka wa kwanza ikapasua ukuta pale pale nusu mbili zilipokutana, ufa wa kuingia kidole. Mwaka wa pili, usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, gema la upande wa juu lilishuka likalala juu ya chumba cha nyuma. Hapakuwa na mtu. Twamshukuru Mungu kwamba hatukuwa na fedha za kuhamia. Mwezi kama huo huo, mwaka 2024, udongo wa mlima Kawetele ulishuka juu ya nyumba za watu wa Itezi mjini Mbeya (si Kawetele yetu ya hapa), na tuliposikia habari ile hatukuhitaji kuelezwa jinsi inavyokuwa.

Mzee mmoja fundi, mwenye umri wa baba yetu, alikuja kutazama. Hakutazama ukuta, alipanda juu ya kiwanja, akasimama huko kitambo. Kisha akasema, “Mwanangu, maji ya mlima huu hupita wapi?” Hatukuwa na jibu. Miaka miwili tulikuwa tumeuliza bei ya saruji, ya nondo na ya mabati, wala hatukuuliza swali hilo ambalo halina bei.

Baada ya hapo tulifanya jambo ambalo karani hana udhuru wa kutolifanya mapema. Sisi ni watu wa masijala. Mtu akileta barua ya kuomba ufunguo mpya, twamfungulia jalada, twalipa namba. Nyumba iliyokula mkopo wa miaka sita haikuwa na jalada! Tulikusanya stakabadhi kutoka mifukoni na chini ya godoro, tukaziandika katika daftari moja. Ndipo tulipoona fedha zilikokwenda. Matofali yenyewe hayakutuumiza. Lakini gari halikuweza kushuka kiwanjani siku za utelezi, kwa hiyo yalimwagwa barabarani, na kila tofali likalipiwa mara ya pili kwa kichwa cha kibarua. Mchanga vivyo hivyo. Mifuko 11 ya saruji tuliyoiweka sakafuni katika chumba cha kupanga, ikiegemea ukuta, ilifyonza unyevu ikawa mawe. Mabati tuliyonunua mapema ili tukwepe kupanda kwa bei, tuliyalaza moja juu ya jingine yangali na maji, yakaota ukungu mweupe. Kumbe yafaa kuyasimamisha yakiwa yameinama, hewa ipite kati. Na saruji ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, nayo inunuliwe ile tu itakayotumika mwezi huo. Mambo hayo ni madogo, walakini kwa hesabu ya daftari letu yangalitosha kununua mbao zote za kenchi.

Mama watoto alilisoma daftari lile usiku, akatuambia, “Tupaue vyumba viwili, tuhame. Hicho kingine kitajengwa na hao watakaokilalia.” Tulibisha siku tatu, kwa ajili ya baraza la nguzo, kisha tukakubali.

Kazi ya mara ya pili iliendeshwa kwa kalenda. Mwaka wa kwanza, miezi ya jua, tulifyatua na kuchoma matofali tu, kwa kuwa tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa udongo. Tukayafunika kwa nyasi na majani ya migomba, tukayasogeza yote kiwanjani njia ingali kavu. Mwaka wa pili tulichimba mfereji upande wa juu wa kiwanja, kabla ya kitu kingine, ili maji ya mlima yapite kando. Gema tukalilaza, tukalijengea ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji chini. Kisha msingi wa ngazi, kila ngazi ikishuka mpaka ardhi ya asili, pasipo kukanyaga kifusi. Msingi huo ulikula fedha nyingi kuliko tulivyotazamia, na mtu apitaye njiani haoni kitu. Marafiki walituuliza kama tumekata tamaa. Mwaka wa tatu, Julai, tuliinua kuta za vyumba viwili na sebule. Mkanda wa zege na nondo tuliufunga kuzunguka nyumba nzima, maana tu katika Bonde la Ufa na ardhi yetu hutikisika mara kwa mara. Oktoba tarehe 9 bati la mwisho lilipigiliwa.

Juu ya mafundi twasema machache. Mara ya kwanza tulilipa kwa siku, na siku zikawa nyingi. Mara ya pili tuliandikiana: msingi ukiisha, kiasi hiki; kuta zikifika lenta, kiasi hiki; na fungu la mwisho baada ya mvua kubwa moja kulipima paa. Fundi hakuudhika. Alisema ni mara ya kwanza kulipwa na karani kwa tarehe iliyoandikwa.

Neno moja juu ya paa. Paa la mita 10 kwa mita 10, katika mvua ya milimita 2,000, hukusanya lita 200,000 kwa mwaka. Maji hayo yakimwagika kando ya msingi ni adui. Yakiingia katika tangi ni ndoo ambazo binti zetu hawatazipandisha kutoka mtoni. Sisi tuna gata upande mmoja na tangi dogo. La pili twangoja Julai.

Nyumba haina dari bado, na chumba cha tatu ni mstari wa mawe katika majani. Tunakaa humo. Daftari letu tumelikabidhi kwa Katibu, na mwanachama apendaye kulitazama aliombe kwake. Kurasa za mwezi wa Aprili zililowa, lakini zasomeka.