Karani Aliyepewa Cheo Akanyimwa Ovataimu



Tumeombwa kunena habari ya wafanya kazi ambao sheria imewatoa katika malipo ya ovataimu. Habari yenyewe ni ya Marekani, lakini haiko mbali nasi: wako jamaa zetu wafanyao kazi ya ofisi huko, hutuandikia kwa furaha kwamba wamepandishwa cheo, na baada ya miezi michache hutuandikia tena kwamba usingizi umewapotea.

Asili yake ni hii. Mwaka 1938 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kazi, na kwa sheria hiyo mtu afanyaye kazi zaidi ya saa 40 kwa juma hulipwa mara moja na nusu kwa kila saa iliyozidi. Lakini sheria hiyo hiyo iliwatoa wasimamizi, watu wa utawala na wenye elimu ya taaluma. Hao mshahara wao ni ule ule, wafanye saa 40 au 60.

Basi na tupige hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Tangu mwaka 2020 kima cha chini cha mshahara wa mtu aliyetolewa hivyo, kwa sheria ya serikali kuu, kilikuwa dola 684 kwa juma. Mwaka 2024 kilipandishwa hata dola 844, lakini mwezi wa Novemba mwaka huo mahakama ya Texas ikaitangua amri, kikarudi pale pale. Gawanya dola 684 kwa saa 40, wapata dola 17 na senti 10 kwa saa. Gawanya kwa saa 60, wapata dola 11 na senti 40. Hapana aliyemkata mtu huyu hata senti moja, na hata hivyo mshahara wake umepungua.

Sasa jambo kubwa: jina la cheo si kitu mbele ya sheria hiyo. Mwajiri aweza kumwita karani "meneja msaidizi" na kuliandika jina mlangoni kwa rangi ya dhahabu. Kinachoulizwa ni kazi afanyayo. Je, awasimamia watu wawili au zaidi? Je, ana mamlaka ya kuamua mambo yenye uzito? Ikiwa kutwa anaandika barua na kupanga majalada, basi huyo ni karani, na ovataimu ni haki yake. Sisi makarani twapenda vyeo mno (wako ambao muhuri wa jina hutangulia barua ya uteuzi), na waajiri wajua tangu zamani kwamba cheo ni rahisi kuliko fedha.

Wala mtu asiwacheke Wamarekani. Sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 iliweka saa 45 kwa juma, na ovataimu isiyozidi saa 50 katika majuma manne; nayo vilevile iliwatoa wasimamizi wa watu walio chini ya wakubwa wa juu moja kwa moja.

Yule ambaye kweli ametolewa, naye amelemewa, afanyeje? Kununa hakufai. Na aandike kwa majuma mawili kila kazi aliyopewa na saa ilizokula. Kisha amwendee mkubwa wake kwa adabu, amwulize: "Bwana, kazi hizi saba zataka saa 62 kwa juma. Ipi itangulie, na ipi ingoje?" Jibu alipatalo alitie katika barua fupi siku ile ile. Mara nyingi mkubwa hakujua jumla, kwa kuwa kila kazi aliitoa kwa siku yake. Wengine wajua sana; hapo ni heri kutafuta mahali pengine wakati mshahara ungali unaingia.

Na yule aliyepewa jina la cheo bila kazi yake, aweza kushitaki bure kwa idara ya mishahara na saa katika Wizara ya Kazi ya Marekani; mwajiri amekatazwa kumfukuza kwa sababu hiyo. Madai hurudi nyuma miaka 2, au 3 ikiwa mwajiri alivunja sheria kwa kusudi. Daftari ya saa zake na aiweke nyumbani, si katika meza ya ofisi.