Joto la Giaboksi ya Otomatiki katika Safari Ndefu

Mada kwa madereva, wamiliki wa magari na abiria wa Handeni na Korogwe



Barabara kuu itokayo Chalinze hupita Mkata na Kabuku hadi Segera. Hapo hugawanyika: tawi moja huelekea Tanga mjini, jingine huelekea Korogwe, Mombo, na hatimaye Moshi na Arusha. Juu ya lami hiyo hupita wagonjwa wanaopelekwa Hospitali ya Bombo, wanafunzi wanaorejea shuleni na wafanyabiashara wenye bidhaa zinazoharibika upesi. Wengi wao husafiri katika magari madogo yaliyotumika, yaliyoagizwa kutoka Japani, na mengi ya magari hayo ni ya otomatiki. Mara nyingi dereva wake ana geji ya joto la injini mbele ya macho yake, lakini geji ya joto la giaboksi hana. Hapo ndipo hasara huanza kimyakimya.

Ni vema kwanza kufahamu joto hilo linatoka wapi. Giaboksi ya otomatiki ya kawaida haina klachi ya kukanyagwa. Nguvu ya injini hupitishwa na mafuta yaliyo kati ya magurudumu mawili yenye mapanga, mfano wa feni mbili zinazotazamana: moja hupiga mafuta, nyingine husukumwa nayo. Gari likienda kwa mwendo wa wastani usiobadilika, magurudumu hayo hufungwa pamoja na joto hupungua. Gari likisheheni, likipanda mlima, au likiongezwa mwendo ghafla ili kulipita lori, magurudumu huteleza, na mteleko huo hugeuka joto.

Katika hali ya kawaida mafuta hayo huwa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi za Sentigredi. Yakizidi 120 huchakaa kwa haraka: hupoteza utelezi, huacha masizi, na sahani za msuguano zilizo ndani huanza kuungua. Katika magari mengi mafuta ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta ileile ya maji ya injini. Kwa sababu hiyo rejeta iliyoziba, au feni isiyozunguka, huumiza injini na giaboksi kwa pamoja.

Dalili zake zinajulikana. Gia huchelewa kuingia. Injini hunguruma kwa nguvu huku gari haliongezi mwendo. Gari hushtuka linapobadili gia. Harufu ya kuungua husikika. Na baadhi ya magari huwasha taa ya tahadhari. Dereva anayeziona dalili hizo Kabuku na kujipa moyo kuwa atafika Korogwe huenda akalipia giaboksi nzima badala ya mafuta tu.

Anachopaswa kufanya ni kupunguza mwendo, kutoka kabisa nje ya barabara, kuweka pembetatu za tahadhari na kuwashusha abiria mahali salama. Ikiwa geji ya injini iko kawaida na hakuna mafuta yanayovuja, gari liwekwe P, breki ya mkono ivutwe, na injini iachwe ingurume taratibu ili mafuta yaendelee kuzunguka na kupoa. Ikiwa injini nayo imechemka, au mafuta yanavuja, izimwe mara moja. Giaboksi yenye moto isimwagiwe maji, na mfuniko wa rejeta usifunguliwe kabla haijapoa.

Mafuta yapimwe kwa kufuata kitabu cha gari. Katika magari mengi yenye stiki, hupimwa injini ikiwa inanguruma, gari likiwa mahali tambarare na mafuta yakiwa na joto la kazi. Mafuta mapya kwa kawaida huwa mekundu. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, safari iishie hapo na fundi aitwe. Yakifanana na maziwa ya rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia ndani. Kila gari lina aina yake ya mafuta. Kuchanganya aina, au kujaza kupita kipimo, huongeza madhara.

Njia za milimani zina kanuni zake. Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, au kutoka Korogwe kuelekea Bungu, achague gia ya chini, yaani 2 au L, au azime kitufe cha O/D, ili giaboksi isihangaike kupanda na kushuka gia kila kona. Akisimama mlimani, gari lishikwe kwa breki. Kulizuia kwa kukanyaga mafuta ni kuipika giaboksi. Wakati wa kushuka, gia iyo hiyo ya chini hupunguza mzigo wa breki. Kuweka N mteremkoni humnyima dereva msaada wa injini na ni hatari kwa maisha.

Jambo la mwisho ni kuvutwa. Gari la otomatiki lililozimika lisivutwe kwa kamba kwa safari ndefu. Injini ikizima, pampu ya mafuta nayo husimama, na giaboksi huzunguka bila kulainishwa. Gari hilo lipakiwe juu ya gari jingine, au tairi zinazoliendesha ziinuliwe; kwa IST ya kawaida, hizo ni tairi za mbele.

Wamiliki wanaonunua gari lililotumika wasiulize rangi na kilomita pekee, bali pia hali ya mafuta ya giaboksi. Nao abiria wasimharakishe dereva aliyesimama kupoza gari. Nusu saa ya kungoja kando ya barabara ni fupi kuliko usiku mzima wa kumtafutia mgonjwa gari jingine.